Kwa nini kijembe kwa Kiingereza ni "shade"? Kivuli kimeingiaje hapo?

#1 Pweza Mkavu
Wakuu, salaam.

Wajuzi wa lugha naomba mnijuze. Ukiingia mitandao ya Wamarekani, mtu akimpiga mwenzake dongo bila kumtaja jina, watu wanajaa chini kuandika "shade", au wanasema fulani "ametupa shade". Watoto wa mjini Dar na Nairobi nao wameshalibeba neno zimazima.

Shade ninayoijua mimi ni kivuli, na kivuli kwetu ni neema. Si ndiyo mchumia juani hulia kivulini? Sasa kimegeukaje kuwa tusi la kuficha? Lilianza lini, na kwa nani? Wapo wanaosema ni la Jane Austen, wapo wanaosema limetoka kwenye kumbi za New York. Mwenye data amwage hapa.

#2 Nipo Kibarazani
Natandika mkeka. Kahawa iko wapi?

#3 Chuma cha Pua
Mkuu usijichoshe. Hilo ni neno la Twitter, limekuja na mashabiki wa kina Beyoncé na Rihanna. Halina hata miaka kumi na tano. Zamani hizo wakisema shade walimaanisha mti.

#4 Kamusi Hai
Chuma cha Pua, hapana. Twitter yenyewe imeanza 2006. Neno hili limo kwenye filamu ya kumbukumbu ya Jennie Livingston, Paris Is Burning, iliyotoka 1990, na picha zake zilichukuliwa New York miaka ya themanini. Wanaohojiwa mle wanamfafanulia mgeni jambo ambalo wao wameshalizoea, hawalitaji kama neno la jana.

Mazingira yake ni haya. Harlem, mtaa wa New York, kulikuwa na mashindano yaitwayo "ball". Washiriki ni Wamarekani weusi na Walatino, wengi mashoga na wanaovaa au kuishi kike, waliojigawa katika "nyumba": LaBeija, Dupree, Xtravaganza, Ninja na nyinginezo, kila nyumba na mama au baba yake. Mtu anapita mbele ya majaji katika kipengele alichokichagua, majaji wanainua vibao vya alama, na alama ya juu ni kumi. Watu wachache, ukumbi mmoja, kombe moja, na wote wanafahamiana mpaka viatu vya kuazima. Hapo maneno hayakosi.

Mkongwe wa jukwaa lile, Dorian Corey (alifariki 1993), analipanga hivi: kilichotangulia ni "reading", yaani kumsoma mtu. Unamwangalia, unaokota kasoro yake, unaikuza, unammwagia mbele za watu. Shade ikazaliwa humo, nayo ni ya ngazi ya juu zaidi. Kwenye shade humwambii mtu kwamba ni mbaya wa sura. Huna haja ya kumwambia, kwa sababu mwenyewe anajua.

Corey anaongeza jambo ambalo watu hulipita haraka. Mtu wa nje akikutukana kwa rangi yako au kwa namna unavyoishi, hilo ni tusi tu. Lakini nyinyi wawili mkiwa wa aina moja, huwezi kumtukana mwenzako kwa kile ulicho na wewe. Inabidi ushuke kwenye vitu vidogo: umbo, gauni, ngozi ya uso. Ndiyo maana ufundi huu hukua kati ya watu wa karibu.

#5 Mama Doti
Kwa hiyo reading ni kuchamba, shade ni kijembe. Wamechukua muda wote huo kugundua.

#6 Kamusi Hai
Umemaliza, bibie. Kuchamba unamtazama usoni na jina lake unalitaja. Kijembe unakitupa hewani kinamtafuta mwenyewe.

#7 Msomaji wa Usiku
Hilo la Austen si uzushi. Lipo Mansfield Park, riwaya ya 1814, sura ya saba. Edmund anazungumza na Fanny juu ya Mary Crawford, ambaye amemsema vibaya mjomba wake Admirali mbele ya watu. Edmund anamtetea: anasema kwa moyo wake ulivyo, ni vigumu Mary aeleze jinsi alivyompenda marehemu shangazi yake bila "throwing a shade on the Admiral".

Miaka zaidi ya 170 kabla ya hiyo filamu. Kwa hiyo Waingereza walikuwa wanatupa kivuli zamani, kumbi za New York zimekuta neno limeshapikwa.

#8 Nukta na Koma
#7, sentensi umeikumbuka vizuri, hitimisho ndilo limeteleza.

Kwanza, kwa Austen ni "a shade": kivuli kimoja, kinachohesabika, kinachomwangukia mtu fulani. Kwenye ball wanasema "shade" tupu, haihesabiki, kama sisi tunavyosema maji au moshi. Hata "on" haihitajiki. Mtu anatupa shade, basi.

Pili, kinachotokea pale ni kumtia mtu doa. Mary hakuficha kitu, alimsema mjomba waziwazi, na ndicho kinachomkera Fanny. Hakuna fumbo. Kiingereza cha karne zile kilikuwa na misemo mingi ya jamii hiyo, ya kutupa au kutandaza kivuli juu ya sifa ya mtu, juu ya furaha, juu ya siku nzima. Ni taswira ya kawaida ya mwanga na giza. Ukitaka kuiita shade ya leo, itabidi uonyeshe watu waliolitumia kwa maana ya kijembe kati ya 1814 na 1980. Hapo katikati njia imekatika.

#9 Chuma cha Pua
Basi sikilizeni. Shades kwa Kiingereza pia ni miwani ya jua. Ukivaa miwani meusi ukamtazama mtu, haoni jicho lako liko wapi. Unamdharau bila yeye kuthibitisha. Shade! Nipeni kombe.

#10 Nukta na Koma
Kombe subiri. Miwani ni "shades", daima kwa wingi, na hakuna anayesema "throw shades" akimaanisha kijembe. Unachochanganya ni miwani ya kusomea. Kwenye RuPaul's Drag Race, kipindi cha televisheni cha mashindano ya wanaume wanaovaa kike kilichoanza 2009, kuna mchezo ambapo mshiriki anavaa miwani, inatangazwa kwamba maktaba imefunguliwa, halafu anawasoma wenzake mmoja mmoja. Ule ni utani juu ya neno reading, nao chimbuko lake ni filamu ileile ya #4. Miwani ile ni ya kuchambia, shade haimo.

#11 Mama Doti
Kuna watu humu wakishika simu ya kidole wanadhani wameshika kamusi. Sisemi nani.

#12 Chuma cha Pua
Nimekuona 😂

#13 Kamusi Hai
Wanafunzi wa uzi huu, #11 na #12 ziwekeni kwenye madaftari. Mama Doti hakutaja jina, na alichosema ni kweli kwa mamilioni ya watu. Kilichokamilisha kazi ni Chuma cha Pua kuitika. Angekaa kimya, tusingekuwa na ushahidi.

#14 Jirani wa South B
Wadau wa bara, hebu niongeze upande ambao mmeuruka. Hayo mambo ya ball hayakuota peke yake. Wamarekani weusi wana desturi ndefu ya kusema kwa kuzunguka, na wenyewe wanaiita "signifying". Msomi Henry Louis Gates Mdogo alitoa kitabu kizima mwaka 1988 kinachoanzia kwa tumbili wa hadithi, yule anayemchonganisha simba na tembo kwa maneno. Gates anaivusha bahari mpaka kwa Esu wa Wayoruba, mungu wa njia panda na wa maneno yenye pande mbili. Kwa mtazamo huo shade ni tawi tu, shina liko Afrika Magharibi.

Msichanganye na "the dozens". Huo ni mchezo wa vijana kupokezana matusi ya mama, na msomi John Dollard aliuandikia makala mapema, 1939. Kwetu Kenya huo ni mchongoano kabisa: "mamako ni mnono mpaka...", watu wanacheka, anayekasirika ndiye ameshindwa. Kwenye mchongoano kila mtu anajua nani anamchongoa nani. Kwenye shade hilo ndilo linalofichwa. Kwa hivyo reading iko karibu na mchongoano, shade iko mbali nao.

#15 Msomaji wa Usiku
#14 asante, umenifungua. Ila Gates anaeleza tabia ya kusema kwa mafumbo. Kivuli kimetokea wapi? Esu hakutupa kivuli.

#16 Jirani wa South B
Neno ni la Kiingereza, tabia si ya Kiingereza. Kikapu cha mzungu, embe la kwetu.

#17 Bandari Salama
Mbona mnaruka neno lililo karibu zaidi? "Shady". Toka karne ya 19 Waingereza wanamwita mtu shady akiwa hana uaminifu, biashara yake si safi, anafanya mambo yake mahali pasipo na mwanga. Huko kwenye ball na hata nje yake wanasema pia "alikuwa shady", "acha kuwa shady", yaani amenifanyia kijembe, amenitenda visivyo. Kwangu mimi njia ni hii: shady, mtu asiyenyooka, halafu shade, kile anachokutupia mtu asiyenyooka. Hakuna haja ya kwenda kwa Austen wala kwa Esu.

#18 Nukta na Koma
#17, ni hoja nzuri, ina uzito kuliko ile ya miwani. Ila shady ya zamani ni ya mtapeli: anakuibia. Shady ya ukumbini ni ya mtu anayekukata kwa maneno au kwa jicho. Inawezekana pia mshale umeenda kinyume, shade ikaanza, kisha ikaipa shady maana mpya. Maneno mawili yakifanana hivyo hulishana.

#19 Wakili wa Kujitegemea
Mabibi na mabwana wa uzi, nyote mnashughulika na mtoto wa juzi. Neno la Kiingereza la tusi la kuficha, lenye karne na mihuri ya mahakama, ni "innuendo".

Ni Kilatini. Innuere ni kutikisa kichwa kumwashiria mtu. Innuendo ni "kwa kuashiria". Kwenye hati za kashfa za Uingereza, zilipokuwa zikiandikwa Kilatini, mwandishi alilipachika ndani ya maneno ya mshtakiwa ili kuonyesha nani alikusudiwa. Mshtakiwa kasema "yeye ni mwizi". Hati inaandika yeye, innuendo, mlalamikaji. Baadaye neno likatoka kwenye hati likawa jina la chenyewe kilichofichwa.

Na sheria haikulidharau. Anayedai kwamba maneno safi yalikuwa na sumu ndani, hasimami tu kulia mbele ya jaji. Anapaswa aweke wazi:
– maneno yenyewe, neno kwa neno;
– maana anayodai yaliibeba;
– mambo ya nje ya maneno yaliyoyapa maana hiyo;
– kwamba kati ya waliosoma au kusikia, walikuwapo walioyajua mambo hayo.

Madai yanaweza kuanguka kwenye hilo la mwisho. Fumbo lisilo na aliyelielewa halijamchafua mtu.

Mfano wa darasani ni Tolley dhidi ya Fry, House of Lords (wakati huo mahakama ya juu ya Uingereza), 1931. Cyril Tolley alikuwa mcheza gofu wa ridhaa. Kampuni ya chokoleti ikamchora kwenye tangazo akipiga mpira, pakiti ya chokoleti imechungulia mfukoni mwake. Hakuna neno baya hata moja! Lakini anayejua gofu ya ridhaa anajua mchezaji haruhusiwi kuuza jina lake, kwa hiyo picha ilisema kimyakimya kwamba amelipwa. Mahakama ikakubali kwamba tangazo lile lingeweza kubeba maana hiyo ya kumchafua.

Kenya na Tanzania tumerithi sheria hiyo. Hati za madai ya kashfa Nairobi hadi leo zina sehemu ya innuendo.

#20 Nipo Kibarazani
Kumbe chokoleti mfukoni ni tusi. Naitoa yangu.

#21 Pweza Mkavu
Wakili, ahsante sana. Swali la haraka: na emoji je? Mtu akiandika jambo la kawaida halafu akaweka kale kauso kanakoangalia pembeni?

#22 Wakili wa Kujitegemea
Kesi ya karibu na hapo ipo: McAlpine dhidi ya Bercow, Mahakama Kuu ya England, Mei 2013. Novemba 2012 televisheni ilikuwa imerusha tuhuma nzito dhidi ya mwanasiasa mkubwa wa zamani bila kumtaja jina. Tuhuma hizo baadaye zilionekana si za kweli. Nchi nzima inajiuliza ni nani. Sally Bercow, mke wa Spika wa Bunge wa wakati huo, akaandika Twitter akiuliza kwa nini Lord McAlpine anavuma, akamalizia na maneno mawili kati ya nyota mbili: "innocent face". Uso wa asiyejua kitu. Wafuasi wake walikuwa zaidi ya 56,000.

Hakumtuhumu mtu, aliuliza swali. Jaji Tugendhat akasema msomaji wa kawaida wa Twitter angeuona ule "uso" kama kejeli, na angeunganisha jina na tuhuma zilizokuwa hewani. Akaamua kwamba maneno yalimchafua kwa maana yake ya kawaida, na hata isingekuwa hivyo, kwa innuendo. Hakukuwa hata na emoji pale, ni maneno mawili tu ya kuuchora uso. Kauso kako hakana kinga.

#23 Chuma cha Pua
Mama Doti jiandae, nina wakili.

#24 Mama Doti
Mwanangu, mimi nimesema watu wanashika simu. Wewe ndiye uliyejikuta.

Maadamu wakili ameleta mahakama, mimi nilete ukumbi, maana nyinyi mnaona Harlem ndiko ufundi ulikoanzia. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji kuna jina, maneno yale yaliyochapwa. Jina ndilo linalofanya kazi. Anayetaka kumfikishia jirani ujumbe anachagua doti yenye "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", anajifunga, anapita uani mwa jirani kama anakwenda kununua chumvi. Jina likae nyuma kiunoni, lisomeke akishapita, maana ukimpita mtu uso kwa uso atakujibu hapohapo. Akiulizwa: nguo tu hii, nimeikuta dukani, kwani ina nini? Na kweli imechapwa kiwandani kwa maelfu, hakuandikiwa yeye.

Inaharibika wapi? Ukiivaa siku tatu mfululizo, kila mtu ameshajua unagombana, na huna tena pa kukania. Ukiivaa kabla ya ugomvi kujulikana mtaani, inasomwa kama kanga tu, imepotea bure. Na ukichagua jina kali mno umeshachamba, si kijembe tena.

Kwenye taarabu nako ni vilevile. Mshairi ametunga ubeti wa jumla, mwimbaji anauimba kwa wote. Kinachouelekeza ni anayetunza. Mwanamke anaketi tuli beti mbili, ukifika mstari wake anainuka, noti mkononi juu, anacheza taratibu, anapinda njia apite mezani kwa mbaya wake, ndipo anakwenda kumtuza mwimbaji. Hakusema neno. Noti ndiyo iliyosema, na ukumbi mzima umeona njia aliyopita. Akisimama pale mezani, au akinyoosha kidole, ameharibu: hapo ni ugomvi, na walinzi wanakuja.

#25 Kamusi Hai
#24 hiyo ya noti imenikumbusha kitu kilekile kwenye filamu ya #4, maana shade ya ball nayo haikuhitaji maneno. Vogue, ile ngoma ya mapozi ambayo Madonna aliipeleka duniani kwa wimbo wake wa 1990, mle wanaieleza kama njia ya kutupiana shade kwa mwili badala ya ngumi. Willi Ninja, mama wa nyumba ya Ninja, anaifananisha na visu viwili vinavyokatana ndani ya ngoma.

Halafu anaonyesha. Kiganja chake kimoja anakifanya kijisanduku cha poda chenye kioo. Anajitazama, anajipaka mashavu kwa utaratibu, mdundo hauachi. Akimaliza, anakigeuza "kioo" kile kimwelekee mpinzani wake: jitazame na wewe, uso wako ndio wenye kazi. Hana poda, hana kioo, hajafungua mdomo.

#26 Bandari Salama
Kisu kile, kijembe hiki. Angalieni mlivyofika.

#27 Msomaji wa Usiku
Wakuu, mnaonaje hili. "To put someone in the shade" ni Kiingereza cha zamani, na sisi tunasema kumfunika mtu. Amevaa vizuri mpaka kakufunika. Kwenye ball mchezo wote ni nani anamfunika nani mbele ya majaji. Huenda kutupa shade kulianza hivyo: unapozi mbele ya mwenzako mpaka taa zinakuangukia wewe, yeye anabaki kivulini. Maneno yalikuja baadaye.

#28 Kamusi Hai
#27, ipo simulizi inayokwenda na wewe. Inasemwa Paris Dupree alikuwa ukumbini, akatoa gazeti la Vogue mkobani, akafungua ukurasa, akasimama kwa pozi lile la mwanamitindo pale mdundo ulipodondoka. Mwingine akaja mbele yake na pozi lake. Naye akajibu. Wanaoisimulia wanaiita shade tangu hapo: kila mmoja anamziba mwenzake. Ila ni simulizi ya chanzo cha vogue, na neno shade linatumika humo kama lilikuwapo tayari. Kwa hiyo haituambii neno limetoka wapi.

#29 Pweza Mkavu
Bado swali langu la jua. Kwa nini kivuli kiwe kibaya?

#30 Nukta na Koma
Kwa sababu lugha ilikokulia, jua ni la kubembeleza. Kwa Mwingereza ukimzibia jua umemwonea. Mtu wa Kilwa ukimzibia jua anakuambia ahsante, sogea kidogo na huku.

Lakini hata kwetu kivuli si chema moja kwa moja. Mtu "anaogopa hata kivuli chake". Kiongozi asiye na nguvu tunasema amebaki kivuli. Kwa hiyo usiifanye hali ya hewa kuwa jibu la kila kitu.

#31 Jirani wa South B
Naongeza kuhusu tarehe, kwa vile mtu ataleta tena habari ya Twitter. Merriam-Webster waliingiza "throw shade" kwenye kamusi yao Februari 2017. Kamusi huingiza neno likishasambaa, kwa hivyo 2017 si mwaka wa kuzaliwa. Na hata 1990 ni mwaka wa kamera kufika. Ball za Harlem ni za zamani sana. Zile za Hamilton Lodge zilianza karne ya 19, na mshairi Langston Hughes anazitaja kwenye kumbukumbu zake za 1940. Nyumba ndizo za karibuni: Crystal LaBeija alianzisha yake mwanzoni mwa miaka ya 1970.

#32 Kamusi Hai
Crystal huyohuyo ni mfano mzuri wa kisicho shade. Mashindano ya urembo ya 1967 pale New York, yaliyomo kwenye filamu ya The Queen ya 1968, taji lilikwenda kwa Harlow wa Philadelphia. Crystal, mweusi kati ya washindani wengi weupe, akatoka jukwaani, akasema wazi mbele ya kamera kwamba matokeo yalipangwa, na mshindi hakustahili. Majina ametaja, sababu ametaja, amesema ana haki ya kusema. Hiyo ni reading ya daraja la kwanza. Watu mitandaoni wanaiweka na maandishi ya "shade", na hapo ndipo neno linapoliwa ukali. Siku hizi kila tusi ni shade. Mtu anamwita mwenzake mwizi kwa jina na picha, chini wanaandika shade. Hilo ni tusi, ndugu zangu.

#33 Mama Doti
Kama mipasho. Miaka ya tisini, bendi za taarabu za Muungano na TOT zikipambana, Nasma Khamis upande huu na Khadija Kopa upande ule, kila bendi ilikuwa na fumbo lake na mashabiki walikesha kulifumbua. Siku hizi jina linatajwa hadharani na bado wanaita mipasho.

#34 Bandari Salama
Na mipasho chanzo ni kupasha habari au kupasha moto? 😀

#35 Nukta na Koma
Kupasha, yaani kumfikishia. "Nimempasha" ni nimemfikishia maneno yake. Moto ni mzaha wa baadaye, ingawa una ladha.

#36 Chuma cha Pua
Na kijembe? Jembe dogo? Mtu anakulimia?

#37 Bandari Salama
Kijembe ni kile kisu kidogo cha kuchanjia. Kinaingia kidogo tu, damu inatoka kidogo, maumivu unayasikia ukifika nyumbani. Jembe la kulimia ukipigwa nalo huendi nyumbani.

#38 Nukta na Koma
Sina hakika kama tunaweza kulitenganisha hivyo. Umbo la neno ni udogo wa jembe tu, na jembe ni bati lenye makali. Kisu kimeitwa hivyo kwa sababu kinafanana na jembe, halafu maneno yakaitwa kwa kisu au kwa jembe, yote yanawezekana.

#39 Chuma cha Pua
Wakili, Mama Doti alisema "sisemi nani". Hiyo inamwokoa?

#40 Wakili wa Kujitegemea
Haimwokoi. Kutotaja jina si kinga kama wasomaji wenye akili ya kawaida, wakijua yaliyoandikwa juu yake, watamtambua mlengwa. Post #3 na #9 zinatosha kukutambulisha. Tatizo lako liko kwingine: utapaswa kuthibitisha kwamba sifa yako imeshushwa, na upande wa pili utaleta #3 na #9 hizohizo kama utetezi wa ukweli.

#41 Nipo Kibarazani
Hiyo ya wakili ni reading au shade?

#42 Kamusi Hai
Ametaja namba za post. Reading.